Shani Watatu

Jumapili, 3 Machi

Kwako dada wa sweta ya kijani,

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki, maana rafiki wenyewe sina wengi: juu ya kabati la nguo chumbani kwangu, ndani ya boksi la viatu, kuna ndege wa mwisho wa aina yake duniani.

Alikufa kabla bibi yangu hajazaliwa. Anaitwa shani wa bondeni, na bonde lenyewe halipo tena, lilifunikwa na maji ya bwawa. Ana ukubwa wa njiwa. Kifua chake ukikitazama kwa mbele ni rangi ya shaba, ukisogea kidogo kinageuka kijani, ukisogea tena kinakuwa rangi ambayo nimeitafuta katika kamusi mbili nikaikosa. Baba alinipa siku nilipotimiza miaka kumi na mitatu. Alisema, "Yule wa makumbusho ni bandia, nimemtengeneza mimi. Wa kweli ni huyu. Usimwambie mtu, hata mama yako." Nikatii.

Unajiuliza huyu ni nani anayemwaga siri kwa mtu asiyemjua. Mimi ni binti wa mkausha ndege, yule aliyesimama kizimbani Jumatano. Nadhani na wewe ni binti yake.

Ulikaa benchi la mwisho, mimi na mama tulikuwa mbele. Baba alipopandishwa kutoka mahabusu ya chini, macho yake yalikwenda kwanza benchi la mwisho, ndipo yakatufikia sisi. Nikageuka. Baadaye watu waliporudi kutoka mapumzikoni, nilikuona unapuliza benchi kabla ya kukaa, pumzi fupi mbili, midomo umeibana. Watu hupangusa benchi kwa mkono, dada. Nyumbani kwetu tu ndiko tunakopuliza, kwa sababu unyoya ukipanguswa huvunjika. Baba ndiye aliyenifundisha. Wewe ulifundishwa na nani?

Sijaandika ili tugombane. Nimeandika kwa sababu ya mlinzi wa makumbusho, mzee tunayemwita Babu Funguo, aliyesimama kizimbani pamoja na baba. Ulimsikia baba akisema kwamba yeye alitengeneza shani bandia kwa mazoezi tu, na aliyembadilisha na wa kweli kisha akamuuza ni mlinzi. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba maji. Hata mimi niliamini kwa dakika moja, mimi ambaye boksi liko juu ya kabati langu.

Nifanye nini? Sina mtu mwingine wa kumuuliza.

Jina lako silijui, ila beji ya shule yako niliisoma. Naituma barua hii kwa mkutubi wenu.

Tetere
(ndivyo baba anavyoniita, kwa kuwa siongei)


Jumamosi, 9 Machi

Kwako Tetere,

Unajua mkutubi wetu alifanya nini? Alisimama mbele ya darasa akasoma bahasha yako kwa sauti: "Kwa msichana mrefu aliyekosa masomo Jumatano, mwenye masikio yaliyosimama." Darasa zima likanigeukia kama alizeti. Sasa naitwa Antena. Asante sana, ndugu yangu.

Haya. Ndiyo, ni baba yangu. Kwetu si mkausha ndege. Kwetu ni fundi wa mafriji anayezunguka mikoani, na huja kila mwisho wa mwezi. Mikono yake ilikuwa ikinuka kafuri, tukimuuliza anasema ni gesi ya friji. Friji letu likiharibika alikuwa anamwita fundi mwingine! "Daktari hajitibu," anasema, na sisi tunacheka. Tulicheka miaka yote hiyo, Tetere. Mama alimwona gazetini, kwenye ukurasa uliofungiwa maandazi. Tangu siku hiyo maneno yake kwangu ni mawili: "leta chumvi" na "zima taa". Hajui kama nilikuja mahakamani.

Nilikuja kumwona tu. Nilidhani nitakuta jambazi limevaa sura ya baba. Nikamkuta baba.

Ndege sina. Hilo tuelewane mapema. Kwetu kuna kuku watatu na wote wanataga.

Na huyo babu yako namhurumia, ila simjui, na baba namjua. Au nilidhani namjua. Ukimpeleka huyo ndege polisi, baba ataozea ndani, mama yako ataulizwa kwa nini mali ya wizi ilikuwa nyumbani kwake, na mimi na mama yangu tutaanikwa kama nguo za kitoto. Mzee mmoja dhidi ya watu wangapi? Funga boksi lako, mwaya.

Mimi naitwa Chiriku. Utakuwa umeshajua kwa nini.

Chiriku


Ijumaa, 15 Machi

Kwako Chiriku,

Nisamehe kuhusu masikio. Ninayo kama yako.

Ngoja nikuambie juu ya huyo mzee usiyemjua. Shule yetu iko nyuma ya makumbusho, na tangu nikiwa mdogo nilikuwa naenda kumsubiri baba ukumbini, nakaa chini ya tembo aliyekaushwa nasoma. Babu Funguo hanitozi kiingilio. Anasema, "Pita, mjukuu, kawasalimie wapangaji wangu. Hawali, hawachafui, hawapigi kelele usiku. Nikipata wengine kama hao nitajenga ghorofa." Kila siku mzaha huohuo, na kila siku anaucheka yeye mwenyewe kana kwamba ameusikia leo.

Kabati la ndege adimu liko juu, ghorofa ya pili. Lina kufuli mbili, na funguo zake hazikai kwa mtu mmoja. Mmoja anao baba, mwingine anao Babu Funguo, na sheria ni kwamba waende wote wawili. Lakini Babu ana goti bovu. Nimeona kwa macho yangu, si mara moja: baba anafika getini, Babu anavua ufunguo shingoni na kumpa. "Nenda tu, fundi. Ngazi hizi zinanichukia." Hilo ndilo kosa lake lote. Mahakamani alilisema, na baba akajibu kwamba mzee hajawahi kumpa ufunguo hata siku moja, bali yeye ndiye aliyekuwa akimwachia mzee wa kwake. Babu alimtazama tu, kama mtu aliyeona tembo wa ukumbini akipiga hatua.

Ilivyojulikana ni hivi. Alikuja mtaalamu wa ndege kutoka mbali, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, akaleta mashine ya eksirei, ile inayopiga picha ya mifupa. Ndani ya shani wa makumbusho akaona waya na kizibo cha chupa. Baada ya hapo wakakagua kabati zima. Ndege thelathini na kitu, Chiriku, wote wa kuundwa. Wa kweli waliuzwa nje, kwa watu wanaolipia manyoya kama vito. Na watu walikuwa wakija kuwatazama, wanafunzi wakiwachora, wasomi wakiandika makala juu yao. Mwalimu wetu wa biolojia alitufundisha rangi za shani kwa kumtazama shani wa baba.

Siwezi kuacha kuyafikiria. Nilikuwa namwona karakanani. Anachukua manyoya ya shingo ya njiwa, ya mkia wa jogoo, ya bawa la bata, anayapanga kwenye kitambaa cheusi kama mtu anayepanga maneno. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwokotea manyoya hayo sokoni, kwa wachinjaji wa kuku. Nilidhani ni ya mazoezi. Anashusha unyoya mmoja kwa koleo ndogo, anapuliza, anasubiri. Anashusha mwingine. Rangi ambayo haikuwepo inaanza kuwepo. Nilikuwa nikishika pumzi. Hata leo, nikijua yote, bado nashika pumzi, na ndicho kinachonitisha.

Usiku namshusha shani wangu namtazama. Ukucha wa kidole cha nyuma, mguu wa kushoto, umevunjika ncha. Baba alisema ulivunjika siku aliponaswa mtegoni, bonde likiwa bado bonde. Naugusa, nafikiri: kidole hiki kilishika tawi la mti ambao sasa uko chini ya maji.

Kesi inarudi mwezi wa tano. Mke wa Babu anasema anakohoa huko mahabusu. Siwezi kufunga boksi.

Tetere


Ijumaa, 22 Machi

Tetere,

Kaa chini kwanza.

Nilikudanganya. Nina ndege. Alinipa nilipofaulu mtihani wa kuingia sekondari. Maneno yalikuwa karibu yaleyale: yule wa makumbusho nimesikia ni bandia, wa kweli huyu hapa, usimwambie mtu hata mama yako. Nilipouliza fundi wa mafriji kampata wapi, alisema alimtengenezea tajiri mmoja friji akalipwa ndege. Nikaamini! Nina akili darasani, waulize walimu.

Kifua shaba, kinageuka kijani, na ile rangi isiyo na jina. Mimi nilikuwa naiita "rangi ya kunyamaza", kwa sababu ndiyo kitu pekee kinachoninyamazisha. Na ukucha wa kidole cha nyuma, mguu wa kushoto, umevunjika ncha.

Niliposoma barua yako niliinuka nikaenda kumtazama. Nikahesabu manyoya ya mkia. Wako ana mangapi? Wangu kumi na mawili, wa pili kutoka kulia mfupi kidogo. Kishungi cheupe kimeegemea kushoto. Jicho la kulia lina kidoa. Ukimnusa, ananuka kafuri na kitabu cha zamani.

Niambie wako si hivyo. Tafadhali.

Maana kama ni hivyo, mmoja wetu ana shani, na mwingine ana kuku aliyevaa nguo za harusi. Na baba anajua nani ni nani.

Nimekuwa nikijiambia ni wangu. Alikuja kwetu siku chache kwa mwezi, basi si lazima alilipe kwa kitu? Usinichukie. Nawe umejiambia ni wako, usikatae.

Chiriku


Jumamosi, 30 Machi

Tetere wangu,

Nimepokea barua yako. Mwandiko umenyooka, hongera. Hapa barua husomwa na maofisa kwanza, nao nawasalimia.

Nina afya. Dirisha letu liko juu, lakini asubuhi jua huingia kwa mlalo, na juzi njiwa alitua kwenye nondo. Nilimwonyesha kijana tunayelala naye shingo ya yule njiwa. Nikamwambia, usitazame rangi, tazama inapobadilikia. Akatazama mpaka njiwa akaondoka. Akasema, "Mzee, mimi nina miaka ishirini na mbili na sijawahi kumwona njiwa." Unaona? Watu hawaoni, mwanangu, mpaka wafundishwe.

Umeuliza "yupi". Nisipokujibu, si kwa dharau. Fundi hasa ni yule ambaye siku ikifika hata yeye mwenyewe hawezi kusema.

Kuhusu mzee wa getini, mambo ya wakubwa waachie wakubwa. Hana kosa, na asiye na kosa hakai ndani muda mrefu. Wewe soma. Mgeni wako msalimie, asitoke nje, jua litamharibu rangi.

Mtunze mama.

Baba


Jumamosi, 6 Aprili

Kwako Chiriku,

Wangu ni hivyo. Kumi na mawili, wa pili kutoka kulia mfupi, kishungi kushoto, kidoa jichoni. Nilikaa sakafuni na barua yako mkono mmoja na ndege mkono mwingine, nikasikia baridi, kama mtu anayesimama ukingoni mwa kitu kirefu mno.

Kisha ikaja barua ya baba. Nimekunakilia. Isome mara mbili. Ameandika "hana kosa". Amejua kuandika hivyo, maofisa wakasoma wakapitisha, na bado Babu yuko ndani. Nilipofika hapo sikuweza kufunga boksi tena hata kama ningetaka.

Sikwenda polisi. Nilikwenda kwa yule mtaalamu, Bi Miwani, ambaye bado yuko makumbusho akikagua mabaki. Nilimwambia mlangoni, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, "Shikamoo, nimekuletea ndege." Akasema, "Marahaba. Ongea, binti, mimi ni mzee, si popo." Nikafungua boksi. Hakugusa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akakaa.

"Huyu ametoka wapi?"

"Juu ya kabati langu."

Alimwingiza kwenye mashine kama mtu anayemlaza mtoto. Picha ikatokea kwenye kioo. Chiriku, sijui nitakuelezaje. Kulikuwa na mbavu. Mbavu nyembamba kama sindano, zimepangwa pande zote mbili, zimepinda sawasawa, na mfupa wa kifua, na uti wa mgongo pingili kwa pingili. Bi Miwani alizihesabu kwa ncha ya kalamu kwenye kioo. Halafu akasema polepole, "Binti, ndege anapokaushwa, mwili hutolewa. Hubaki ngozi, fuvu, mifupa ya mabawa na miguu. Ndani hujazwa pamba au majani. Ndege halisi aliyekaushwa hana mbavu."

Sikuelewa.

"Huyu ni bandia," akasema. "Hizi ni mbavu za vifaranga, zimechongwa moja moja. Yule wa kabatini alijazwa waya na kizibo tu. Lakini huyu... Nani alimwambia amtie mbavu? Nani angeziona?" Alikuwa ananiuliza kweli, kama mwanafunzi. Miaka thelathini amefungua ndege, alisema, na hajaona kitu kama hicho.

Kwa hiyo wa kweli ni wako. Nilidhani nitaumia na nimeumia, lakini si pale nilipodhani.

Ndege wangu hawezi kumtoa Babu. Bi Miwani amesema anathibitisha tu kwamba baba ni fundi, jambo ambalo hakuna anayelikataa. Nimeandika maelezo kuhusu ufunguo, Bi Miwani akayapeleka polisi, lakini mimi ni mtoto wa mshtakiwa, wanasema huenda nina hasira zangu. Wakimpata shani wa kweli kwenu, mkononi mwa binti wa baba, hapo hakuna wa kusema mlinzi alimuuza.

Sikumtaja mtu. Nimesema tu kwamba nitarudi. Nakungoja.

Tetere


Ijumaa, 19 Aprili

Tetere,

Nimechelewa kwa sababu nimefanya jambo.

Nilisoma barua yako nyuma ya banda la kuku. Niliposoma kuhusu mbavu nikashikwa na wivu ambao sijawahi kuujua. Mimi nimepewa kitu alichochota kabatini kwa mkono mmoja. Kwa ajili yako amekaa miezi, ubavu kwa ubavu, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Nikasema hapana, huyo mama wa miwani amekosea, na wangu atakuwa na mbavu. Lazima awe nazo.

Nikachukua wembe wa mama wa kufumulia nguo. Nikatafuta mshono chini ya bawa. Nilikuwa najua ninachofanya, usidhani sikujua. Nilijua kwamba kama hana mbavu, basi ninampasua wa mwisho duniani. Mkono haukusimama.

Hana mbavu.

Ana majani makavu, Tetere, yamekunjwa kama kiota, bado yana rangi ya kijani kidogo. Majani ya bonde. Yalikatwa na mtu aliyesimama pale kabla ya maji. Nilipofungua ilitoka harufu ambayo si ya kafuri, si ya kitabu, si ya kitu chochote ninachokijua. Harufu ya mahali. Ilikaa puani kidogo, ikaisha. Sasa hakuna mtu mwingine atakayeinusa tena, nimeimaliza mimi peke yangu nyuma ya banda la kuku.

Nililia mpaka mama akaja. Akamwona ndege, akaniona mimi, akaona wembe wake. Nikamwambia yote, hata kuhusu wewe. Alichuchumaa, akakusanya majani yote, hata vumbi lake, akayafunga kwenye kitambaa chake cha kichwa. Akasema, "Mwili wa mtu hauachwi nusu." Halafu akasema, "Huyo mzee ana mke?" Nikasema anaye. Akasema, "Anajua mumewe analala wapi. Mimi miaka yote nimelala sijui. Nenda kamtoe."

Lakini nimemharibu. Bawa linaning'inia. Nikimleta hivi watasema nini? Nitasimamaje mbele ya huyo Bi Miwani? Na baba atakapojua kwamba ni mimi?

Nimeongea na ndege usiku kucha. Mimi, Chiriku, nimemwomba msamaha ndege aliyekufa.

Chiriku


Jumatatu, 22 Aprili

Chiriku,

Mlete. Hata akiwa vipande viwili, ni yeye.

Nimemuuliza Bi Miwani, bila kutaja mtu: kama shani wa kweli angepatikana amechanika, angefanyaje? Amesema angeosha mikono, angechukua sindano, na angeshona.

Baba nitamwandikia mimi. Njoo Alhamisi. Nitasimama nje ya kituo cha basi, mlango wa tiketi. Utanitambua kwa masikio.

Tetere


Jumapili, 5 Mei

Kwa baba,

Shikamoo.

Utakuwa umeshaambiwa na wakili, lakini nataka usikie kwangu, na maofisa wakisoma si mbaya, wengine walikuwepo.

Alhamisi ile nilimpokea Chiriku kituoni. Alikuwa amelibeba boksi kifuani, na safari nzima hakuliweka chini. Hatukukumbatiana, maana boksi lilikuwa katikati. Alisema, "Kumbe wewe ni mfupi," nikasema, "Kumbe hunyamazi kweli," tukaanza kutembea.

Makumbusho, Bi Miwani alifungua boksi. Aliona mpasuko. Chiriku akaanza, "Ni mimi, nilitaka kujua kama..." na Bi Miwani akainua mkono, akasema, "Ngoja kidogo, mwanangu. Niache nimwone." Tukangoja. Watu walikuwa wanaingia mmoja mmoja, mpiga picha, mkurugenzi, askari wawili, hata mama anayefagia ukumbi, na kila aliyeingia alivua kofia au alishusha sauti, bila kuambiwa. Askari mmoja alikuja kusimama karibu na mimi akaniuliza kwa mnong'ono, "Ndiye yeye?" Nikasema ndiye. Akasema, "Aisee."

Mama yake Chiriku alikuwa ametuma kile kitambaa chenye majani. Bi Miwani alikifungua, akalitoa jani moja kwa koleo, akaliweka chini ya lenzi. Alisema mimea hiyo nayo haipo tena, na kwamba hakuna kitabu kinachoonyesha rangi yake. Kisha akapiga picha ya mashine. Baba, hana mbavu. Unajua.

Tuliandika maelezo vyumba tofauti. Chiriku alieleza alivyompata, siku gani, kwa maneno gani. Mimi nikaeleza tena habari ya ufunguo na goti, na safari hii waliandika bila kuniuliza kuhusu hasira. Wakaniuliza kama najua kwamba maneno yangu yataongeza miaka yako. Nikasema najua. Nilisema kwa sauti, wakasikia.

Baadaye nilimpeleka Chiriku nyumbani. Nilimwambia mama mlangoni, kabla hajauliza, "Huyu ni dada yangu." Mama alimtazama toka juu hadi chini. Akasema, "Nilijua kuna nyumba. Sikujua kuna mtoto." Aliingia chumbani akafunga mlango. Tulikaa sebuleni bila kuwasha taa. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Alimtandikia Chiriku kitandani kwangu, mimi akanipa godoro la chini. Siku hizi analala mapema. Nguo zako amezikunja zote, hajazitupa na hajazirudisha kabatini.

Nimekuwa nikitaka kukuuliza kwa nini. Si kuhusu kuuza ndege, wala hata kuhusu nyumba mbili. Nataka kujua ilikuwaje mtu anayeweza kukaa miezi anachonga mbavu ambazo hakuna atakayeziona, akashindwa kumwona mzee aliyempa ufunguo kwa kuwa goti linauma. Nimeliwaza sana swali hilo na kila nikiliwaza napata kizunguzungu kilekile nilichokipata mbele ya kioo cha mashine. Huenda huna jibu. Nitakuja Jumapili ya pili ya mwezi, na Chiriku atakuja, na tutakuuliza.

Babu Funguo ameachiliwa Ijumaa. Nilikwenda geti la mahabusu na mkewe. Alitoka na mfuko wa plastiki, amepungua, shati limekuwa kubwa. Mkewe alimshika mkono wakasimama hivyo. Nilisubiri, kisha nikaenda mbele yake nikamwamkia. Nikamwambia kwamba shani mmoja alikuwa juu ya kabati langu tangu mwanzo, na kwamba habari ya ufunguo niliijua tangu siku ya kwanza, na kwamba nilikaa kimya wiki nyingi kwa sababu nilikuwa naogopa kukupoteza.

Alinitazama. Hakuniita mjukuu. Alikohoa, akamwambia mkewe, "Twende, basi litatuacha."

Nikanyoosha mkono, nikauchukua mfuko wake. Aliushikilia kidogo, halafu akauachia. Niliubeba mpaka kituoni, nikitembea nyuma yao, polepole, kwa mwendo wa lile goti.

Mwanao,
Tetere